Afya ya Nyumbani: Mboni Isiyoitika Nuru



Wasomaji wetu wapenzi, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza kila mwezi habari za maji safi, maziwa ya watoto, homa na chakula cha wazee. Mwezi huu tumepokea barua ambayo kwa haya tungependa kuiweka kando. Lakini kila tulipoirudia tuliona kwamba kunyamaza kwetu kungekuwa dhuluma. Barua yenyewe yatoka kwa kijana mmoja. Jina lake na mji wake twavificha, wala hakuna faida kwa mtu kuvijua.

Kijana huyu aeleza kwamba baba yake mdogo ni fundi mwashi, mtu wa miaka 58, mcha Mungu na mwenye heshima mtaani kwake. Miezi mitatu iliyopita jicho lake la kushoto lilianza kuvutwa upande wa puani. Akitazama njiani huona watu wawili wanakuja, hali anayekuja ni mmoja. Siku moja nusura aanguke kutoka juu ya ukuta, kwa sababu aliona ngazi mbili mahali palipokuwa na moja. Watu wa nyumbani walisema amepigwa na upepo mbaya. Wengine wakasema ni husuda ya mafundi wenzake. Majuma mengi yakapita kwa kufukiza ubani na kumpeleka huku na huko.

Mwishowe akapelekwa hospitali. Tabibu alimulika kwa tochi jicho la kulia, kisha la kushoto. Mboni zote mbili zilikuwa ndogo, na nuru ilipoingia hazikutikisika hata kidogo. Kisha akamwambia atazame mbali, halafu atazame ncha ya kalamu iliyowekwa karibu na pua yake. Hapo mboni zikafinyika. Tabibu hakusema neno, aliandika tu kwamba damu ipimwe, na maji ya uti wa mgongo yapimwe pia. Jibu lilipokuja, lilikuwa kaswende, maradhi ambayo wengine huyaita sekeneko, na ilikuwa imeingia katika mishipa ya fahamu.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Wazee wa ukoo walikutana usiku, wakakata shauri kwamba mke wa mgonjwa asiambiwe kitu. Aambiwe kuwa mumewe ana damu chafu, basi. Kijana wetu ndiye aliyepewa kazi ya kuchukua dawa na kuufunga mdomo wake. Sasa atuuliza maswali matatu. Je, ni kweli kwamba jicho laweza kufichua maradhi ya namna hii? Je, mtu akionekana hivi, ndiyo kusema alizini? Na je, ni halali yake kumficha mama yake mdogo?

Tutajaribu kuyajibu kwa utaratibu.

Jicho na njia zake

Mboni ni tundu lililo katikati ya lile duara lenye rangi. Nuru ikizidi tundu hufinyika. Nuru ikipungua hutanuka, kama dirisha linalofungwa na kufunguliwa. Jambo hili lilijulikana tangu kale, na tabibu wetu mkubwa Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, aliyefariki yapata mwaka 925, hutajwa miongoni mwa watu wa kwanza walioandika juu yake.

Mboni haifanyi kazi hii peke yake. Nuru ikiingia jichoni, habari yake husafiri kwa mshipa wa kuona hata katikati ya ubongo. Huko hutolewa amri, nayo hurudi kwa mshipa mwingine hata kwenye jicho, na mboni ikafinyika. Pia mboni hufinyika mtu anapotazama kitu kilicho karibu, kama msomaji anavyofanya sasa na ukurasa huu. Lakini amri hiyo ya pili hupita njia nyingine ndani ya ubongo kabla ya kufika katika mshipa ule ule. Basi ni kama nyumba yenye njia mbili ziendazo kwenye mlango mmoja. Njia moja ikikatwa, mgeni wa njia ile hatafika kamwe, ilhali wa njia ya pili ataendelea kubisha hodi na kufunguliwa.

Hivyo ndivyo kaswende ifanyavyo. Huharibu mahali padogo katika ubongo ambapo habari ya nuru hupita, na ile njia ya kutazama karibu ikabaki salama. Mgonjwa huwa na mboni ndogo, aghalabu katika macho yote mawili, na mara nyingi si duara kamili. Huweza kusoma na kuona vizuri, asijue kamwe kwamba mboni zake zimeacha kuitika nuru.

Aliyeieleza hali hii kwa ukamilifu alikuwa tabibu wa macho wa Edinburgh katika nchi ya Skotland, jina lake Douglas Argyll Robertson. Mwaka 1869 aliandika habari za wagonjwa wachache wenye maradhi ya uti wa mgongo ambao mboni zao zilifinyika kwa kutazama karibu, lakini si kwa nuru. Yeye mwenyewe hakujua kwamba chanzo chake ni kaswende; hilo lilithibitika baadaye. Kijidudu chenyewe, chembamba na kilichojisokota kama skrubu, kiligunduliwa na Schaudinn na Hoffmann mjini Berlin mwaka 1905, na mwaka uliofuata, 1906, Wassermann na wenzake wakatoa njia ya kuitambua kaswende kwa kupima damu. Mwaka 1913 Noguchi na Moore wakakiona kijidudu hicho ndani ya ubongo wa watu waliokufa kwa wazimu wa kaswende. Hapo shaka ikaondoka.

Na jicho lililovutwa puani? Kila jicho lina misuli sita ya kuligeuza, na misuli hiyo huamriwa na mishipa mitatu itokayo ubongoni. Kaswende ikiziingia ngozi nyembamba zinazoufunika ubongo, au mishipa ya damu iliyo huko, huweza kuubana na kuuharibu mmoja wa mishipa hiyo. Ukiharibika ule unaolivuta jicho kwenda nje, jicho huelemea ndani, na mtu huona viwili viwili. Ukiharibika ule unaoinua kope, kope hulala na jicho haligeuki vema. Na ukishikwa mshipa wenyewe wa kuona, nuru hupungua kidogo kidogo hata mtu akawa kipofu.

Maradhi yanayojificha

Yafaa tueleze pia namna yanavyoingia, maana hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Mwanzo hutokea kidonda kisichouma, nacho hupona chenyewe baada ya majuma machache hata bila dawa. Baadaye huja vipele, pengine hata katika viganja na nyayo, navyo huondoka vyenyewe. Kisha kimya. Mtu hula, hufanya kazi, huoa, huzaa, akidhani kwamba jambo limekwisha. Kimya hicho huweza kuchukua miaka 10, 20 au zaidi. Si kila asiyetibiwa atafikwa na madhara ya mwisho, lakini hakuna awezaye kujua mapema ni nani atakayesalimika. Wala mishipa ya fahamu na macho havingoji uzee. Kijidudu huweza kuvifikia tangu miezi ya kwanza.

Kuna dalili moja ambayo watu wa nyumba yenye kuswali wanaweza kuiona. Kaswende ikiuharibu uti wa mgongo, miguu hupoteza hisia ya mahali ilipo, na mgonjwa husimama kwa msaada wa macho yake. Basi akiinama kutawadha na kufumba macho ili anawe uso, huyumba au huanguka. Watu hudhani ni uzee au sakafu yenye utelezi. Mzee wenu akiyumba kila anapofumba macho, msimcheke, mpelekeni akatazamwe.

Msiwe makadhi wa mboni

Sasa twaja kwenye swali la pili, nalo ndilo zito. Je, mtu akionekana hivi, ndiyo kusema alizini? Jibu letu ni kwamba mboni haina ushahidi wa namna hiyo, na mwenye kuihukumu nafsi ya mtu kwa tochi ameingia katika hatari kubwa ya kusingizia.

Kwanza, mboni isiyoitika nuru si ya kaswende peke yake. Kisukari cha muda mrefu huweza kuleta hali inayofanana nayo. Kadhalika uvimbe katikati ya ubongo, na maradhi mengine ya mishipa ya jicho. Kuona viwili viwili nako kuna sababu nyingi, kama kisukari, shinikizo la damu na kuumia kichwa.

Pili, hata kipimo cha damu chahitaji mtu mwenye elimu wa kukisoma. Buba, maradhi ya ngozi waliyokuwa wakiyapata watoto wengi vijijini kwa kugusana tu, huletwa na kijidudu ambacho ni ndugu wa karibu wa kile cha kaswende. Mzee aliyeugua buba utotoni huweza kutoa jibu lile lile katika damu yake mpaka leo, naye hana kosa lo lote.

Tatu, kaswende yenyewe humpata mtu kwa njia zaidi ya moja. Mke mwaminifu huipata kwa mumewe, na mume mwaminifu kwa mkewe. Mtoto huipata tumboni mwa mama yake. Na kama mtu alikosea ujanani, miaka 30 iliyopita, akatubu, mlango wa toba haukufunguliwa ili sisi tuufunge kwa sababu ya karatasi ya hospitali.

Yule yule Argyll Robertson, kabla ya kuandika juu ya wagonjwa wake, alijulikana kwa jambo jingine. Mwaka 1863 alionyesha kwamba dawa itokayo katika mbegu ya Calabar, Afrika ya Magharibi, hufinya mboni ya jicho. Naye aliijaribu katika jicho lake mwenyewe. Na mbegu hiyo huko kwao ilikuwa ni ya kiapo. Aliyetuhumiwa uchawi alipewa ainywe. Akifa, wakasema ndiye. Akitapika na kupona, wakasema hana hatia. Tabibu aliichukua sumu ya kuhukumia watu akaifanya dawa. Isiwe sisi, katika zama hizi za elimu, tukachukua elimu ya tabibu na kuifanya kiapo cha kuwahukumia majirani. Wala asitokee msomaji wetu akakaa barazani na tochi ya simu yake kumulika macho ya watu.

Sitara na hadaa

Swali la tatu ni la mama mdogo. Wazee wamesema afichwe, na tunajua kwamba wamesema hivyo kwa kutaka kuihifadhi heshima ya nyumba. Sitara ni jambo jema. Lakini sitara ina mipaka yake. Kumsitiri mtu ni kutoitangaza habari yake sokoni, msikitini na harusini. Kumficha mke maradhi ambayo huenda yamo mwilini mwake yeye mwenyewe hakuitwi sitara. Huko ni kumnyima haki ya kutibiwa.

Ni kweli kwamba baada ya miaka michache ya mwanzo, aghalabu mwenye kaswende hamwambukizi tena mwenzake katika unyumba. Lakini bibi huyu ameishi na mumewe miaka mingi, na hakuna ajuaye maradhi yaliingia lini. Huenda naye yu katika kile kimya tulichokitaja. Akipimwa akaonekana salama, moyo wake utatulia. Akipimwa akaonekana nayo, atatibiwa kabla macho yake hayajaguswa. Na ikiwa anayo, watoto wake nao hawana budi kutazamwa. Mtoto aliyezaliwa nayo huweza kukua vizuri, kisha, aghalabu kati ya miaka 5 na 20, kioo cha mbele cha macho yake kikaingia ukungu, masikio yakaziba, na meno ya mbele yakaonekana yana pengo la mviringo. Jonathan Hutchinson wa London alizikusanya dalili hizi tatu katika karne ya 19, na hata leo zaitwa kwa jina lake.

Neno hili la "damu chafu" lina historia ya kutisha. Katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, Marekani, tangu mwaka 1932 hata 1972, maofisa wa afya wa serikali waliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende, pamoja na wengine 201 wasiokuwa nayo, ili waone maradhi yatawafanya nini yakiachwa. Wagonjwa hawakuambiwa jina la maradhi yao. Waliambiwa wana damu mbaya. Penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida, wao walinyimwa. Baadhi ya wake zao waliambukizwa, na baadhi ya watoto wao walizaliwa nayo. Mwaka 1997 Rais Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake, lakini wengi walikuwa wamekwisha kufa. Watu wale walifichwa na wageni wasiowapenda. Je, yafaa bibi huyu afichwe na jamaa zake wanaompenda?

Shauri letu kwa kijana ni hili. Usiende wewe kumwambia, maana si mahali pako, na habari hiyo ikitoka kwako itamvunja moyo. Nenda kwa baba yako mdogo faraghani, kwa adabu, umwombe amwambie mkewe yeye mwenyewe. Akiona uzito, na waende wote wawili kwa tabibu, awaeleze pamoja. Kazi hii matabibu wameizoea. Na wazee waelezwe kwamba dawa ipo.

Dawa ipo

Naam, dawa ipo, na hii ndiyo neema ya zama zetu. Babu zetu walipakwa zebaki. Mwaka 1910 ikatoka dawa ya Ehrlich iliyotengenezwa kwa zarniki, yenye madhara mengi. Mwaka 1917 Wagner-Jauregg wa Vienna aliwatia wagonjwa wa ubongo malaria kwa makusudi, ili homa kali iue vijidudu vya kaswende, na mwaka 1927 akapewa tuzo ya Nobel. Hayo yatosha kuonyesha watu walikuwa wamekata tamaa kiasi gani. Mwaka 1943 Mahoney na wenzake katika Marekani wakawatibu wagonjwa wanne kwa penisilini, na tangu hapo mlango umefunguka. Hata leo penisilini ndiyo dawa yake ya kwanza.

Kaswende changa hutibiwa kwa sindano moja ya uniti milioni 2.4 za benzathini penisilini. Lakini sindano hiyo haipenyi vya kutosha katika ubongo na macho. Kwa hiyo mgonjwa aliyeshikwa huko hulazwa, akatiwa penisilini mshipani, uniti milioni 18 hadi 24 kwa siku, muda wa siku 10 hadi 14. Asidanganywe na mtu kwamba sindano moja ya dukani yamtosha. Na aliyewahi kudhurika kwa penisilini amwambie tabibu mapema.

Hatuna budi kusema ukweli juu ya matumaini. Dawa huua vijidudu na kuyazuia maradhi yasiendelee. Jicho lililovutwa mara nyingi hurudi mahali pake kwa muda. Lakini mboni zilizoacha kuitika nuru mara nyingi hubaki hivyo hivyo, na mshipa wa kuona uliokufa haufufuki. Dawa ikitangulia, macho husalimika. Ikichelewa, huokoa kile kilichobaki tu.

Kwa hiyo twawausia wasomaji wetu. Vijana wanaotaka kuoa au kuolewa na wapimwe damu kabla ya nikahi, na wasione haya. Kila mja mzito apimwe mapema kliniki, na mumewe asimzuie. Mama akitibiwa kwa penisilini kwa wakati, mtoto huokolewa. Atakayeona viwili viwili, au kope lake likalala, au mboni zake zikatofautiana, au nuru ya macho ikapungua ghafla, aende hospitali siku ile ile. Na ikiwa pamoja na kope kulala pana maumivu makali ya kichwa, hiyo ni dharura, kwani huenda mshipa wa damu ubongoni umevimba na karibu kupasuka.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya zamani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 1 tu, mwaka 2022, watu milioni 8 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walipata kaswende. Maradhi yenye dawa ya bei nafuu yasingekuwa na watu wengi hivyo, kama aibu isingekuwa inasimama mlangoni mwa hospitali.

Twamwomba Mwenyezi Mungu ampe shifaa fundi wetu, amtie nguvu mkewe, na ampe kijana aliyetuandikia ulimi wa hekima. Mwezi ujao, inshallah, tutaeleza namna kisukari kinavyodhuru macho. Amin.